Imegeuka

Jumamosi ya tarehe 25 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, mwenye mashua alitoa kichwa kwenye mlango wa chumba cha ndani, akanionyesha simu yake na kusema neno moja: "Imegeuka." Kisha akarudi ndani, akafungua kopo la biskuti za tangawizi alilokuwa amelificha tangu Septemba, akabandika birika jikoni.

Kilichogeuka kilikuwa mstari kwenye ramani. Dhoruba iliyopewa jina la Melissa tarehe 21 katika Bahari ya Karibi ilikuwa imekaa siku kadhaa ikijikokota kusini mwa Haiti na Jamaika, na kwa siku hizo hakuna aliyekuwa na hakika ingeelekea wapi. Sasa watabiri walikuwa wanakubaliana. Ingepanda kaskazini, ipite juu ya Jamaika, kisha mashariki mwa Kuba, kisha Bahamas, halafu ikunje kulia na kuishilia Atlantiki, mbali na pwani ya Marekani. Mbali na Norfolk, Virginia, kwa maneno mengine, ambako sisi wawili tulikuwa tumefunga mashua ya tanga ya mita tisa na nusu, tukisubiri kwenda kusini.

Nilikula biskuti tatu. Zilikuwa tamu. Ni baada ya ile ya tatu ndipo nilipokumbuka mahali nilipowahi kulisikia neno lile.

Nieleze kwanza nilifikaje pale. Nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa pwani, na ufadhili wangu unalipa ada, kitabu kimoja kimoja, na kodi ya chumba katika mji ambao haupo, maana kwa bei ile sijawahi kuona chumba popote. Mwaka wa kwanza nililala sebuleni kwa wenzangu watatu. Mwaka wa pili nikaona tangazo kwenye ubao wa chuo: kitanda ndani ya mashua, kodi ndogo, lakini mpangaji asaidie kazi za chombo. Mwenye tangazo alikuwa mama wa miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu wa hisabati, aliyeuza nyumba baada ya kufiwa na kuhamia majini. Aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza kama wanavyofanya watu wote huku. Nilijaribu siku mbili, ulimi ukakataa. Siku ya tatu nikamwita Mwalimu, nikamweleza maana yake, na tangu siku hiyo hakuitika kwa jina jingine nikimwita.

Nililala chumba cha omo, kitanda chenye umbo la pembetatu ambacho miguu hubanana mwishoni. Nguo zangu zote zilinuka dizeli na ukungu. Choo kilikuwa na pampu ya mkono na masharti mengi kuliko mkataba wa kodi. Lakini usiku maji yaligonga ubavu wa chombo sentimita chache kutoka sikioni mwangu, sauti ileile niliyolala nayo Mikindani kila bahari ilipojaa, na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii nilianza kulala mpaka asubuhi.

Watu wanaoishi hivi kwenye pwani ya mashariki ya Marekani huhama kama ndege. Baridi ikikaribia wanashuka Florida na Bahamas. Kamusi zetu zinayaita majira haya vuli, neno ambalo kwangu halikai vizuri: vuli ni mvua, na sisi wa kusini hata hiyo vuli hatuna, mvua yetu ni moja tu, inaanza Novemba na kwenda mpaka Aprili. Huku ni majira ya majani kupukutika, na ya kupita katikati ya hatari mbili. Ya kwanza ni vimbunga, ambavyo msimu wake rasmi unaanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba. Bima nyingi za mashua haziruhusu chombo kushuka chini ya mstari fulani wa latitudo kabla ya msimu kutulia, na bima ya Mwalimu iliandika tarehe 1 Novemba. Ya pili ni hewa baridi inayoshuka kutoka Kanada kwa mikupuo, kila baada ya siku chache. Upepo unavuma kwanza wa vuguvugu kutoka kusini-magharibi, wingu jeusi linatokea, na ndani ya saa moja unaruka kaskazini-magharibi na kuwa mkali, unapiga siku moja au mbili, halafu mbingu inakuwa nyeupe na bahari inalala. Unasafiri katika ule utulivu. Ukikawia unabaki na theluji. Ukiwahi unakutana na kimbunga. Ukikosea siku unakutwa na mkupuo uko katikati ya maji mapana.

Mabaharia wa kwetu wana neno tangambili, kile kipindi kati ya kusi na kaskazi ambapo upepo haujaamua na chombo kinaweza kwenda upande wowote. Kwetu tangambili hudumu wiki kadhaa. Ya huku inagawiwa kwa vipande vya siku mbili mbili, na mtu huishi akitazama simu ili asikose kipande chake.

Ndiyo maana ya zile biskuti. Kama Melissa ingekuja juu, tungeivua mashua matanga, tuifunge kwa kamba kumi na mbili, twende tukalale kwenye ukumbi wa shule, na Mwalimu pengine angepoteza nyumba yake ya pekee. Furaha yake haikuwa ya anasa.

Sasa lile neno.

Aprili 2019 nilikuwa kidato cha sita, nimebakiza siku chache tu kuanza mtihani wa taifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimbunga kiitwacho Kenneth kinakuja, na mikoa iliyotajwa ilikuwa Mtwara, Lindi na Ruvuma. Kwetu kimbunga kilikuwa hadithi ya wazee. Wachache walikumbuka, au walisimuliwa na waliokumbuka, kile kilichopiga Lindi mwaka 1952. Wiki sita tu nyuma Idai ilikuwa imeizamisha Beira na tulikuwa tumeona picha za watu juu ya mapaa. Kwa hiyo safari hii hakuna aliyefanya mzaha. Shule zilifungwa. Watu wa mabondeni wakaambiwa wahame. Baba alipandisha magunia ya korosho juu ya meza, akakaa kando yake kama mlinzi. Bibi alikuwa kwenye mkeka tangu adhuhuri.

Tarehe 25 mchana mbingu ilikuwa ya kijivu na mvua ya kawaida. Jioni kaka yangu aliingia na simu mkononi akapiga kelele: "Imegeuka!" Kimbunga kilikuwa kimeshuka kusini ya mto Ruvuma na kutua Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya mji wa Pemba, na upepo wa kilomita zaidi ya 200 kwa saa. Nyumba ilijaa vicheko. Mama akasema leo tunapika wali. Mimi nikaweka stetasi ya WhatsApp: Imegeuka! Mungu fundi. Nikaongeza alama za mikono ya dua.

Bibi peke yake hakucheka. Aliniita, akanipa kisimu chake cha tochi, akasema nimpigie namba iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya kalenda. Haikupatikana. Akasema piga tena. Nilipiga tena na tena mpaka nikachoka, na nakiri kwamba nilikasirika. Niliona anatuharibia. Mdogo wake, ambaye kwangu ni babu, alikuwa amekwenda dago ujanani, ule uhamaji wa wavuvi kufuata samaki, akafika visiwa vya Ibo, akaoa mwambao wa Quissanga na hakurudi. Nilikuwa nimemwona mara mbili maishani. Pale ambapo mstari ulikuwa umegeukia, kwangu palikuwa sehemu ya ramani isiyo na mtu. Kwa bibi palikuwa na mtu na namba ya simu.

Siku ya tisa alipiga mwenyewe, kwa simu ya kuazima. Yuko hai. Paa limeondoka, mtumbwi umeondoka, minazi imelala yote upande mmoja. Msumbiji watu zaidi ya arobaini walikufa kwa Kenneth, na wengine nchini Komoro, ambako kilipita kwanza. Mimi siku ya tisa nilikuwa nimeshazama kwenye marudio. Stetasi yangu ilikuwa imejifuta baada ya saa ishirini na nne, kama kawaida yake.

Hayo ndiyo niliyoyakumbuka nikiwa na makombo ya tangawizi mdomoni. Na swali lililonikaa tangu siku ile ni hili: mtu anapoomba dhoruba impite, je, anaomba nini? Dhoruba haizimwi kwa kupita. Inakwenda mahali.

Nilianza na jibu jepesi, maana ndilo nililopewa kwanza. Rafiki yangu anayesoma falsafa alicheka nilipompigia. Matamanio hayasukumi upepo, alisema. Kimbunga kinaongozwa na mikondo ya hewa ya juu, wala hakina habari na dua yako wala biskuti zako. Hukumfanyia mtu wa Jamaika kitu chochote. Akanitajia Bernard Williams na Thomas Nagel, waliolijadili mwaka 1976 suala la bahati katika maadili, yaani namna tunavyolaumiwa na kusifiwa kwa mambo ambayo hatukuyashika mkononi, akasema hatia yangu ni ya namna hiyo: kivuli tu cha bahati nzuri. Akaniambia nilale.

Sikubishana naye kuhusu upepo. Najua Melissa ingegeuka hata kama ningelia niombe ije. Lakini sikuwa nimesema nimesababisha. Nilichoogopa ni kile ambacho furaha yangu ilinionyesha kuhusu hesabu zangu: kwamba nilipoangalia ramani na kuona mstari ukihama, nilisoma "imekwisha" mahali palipoandikwa "imekwenda Jamaika".

Mshairi wa Kirumi Lucretius anakianza kitabu cha pili cha utenzi wake mkubwa na mtu aliyesimama nchi kavu akiwatazama wengine wakipigwa na bahari. Anajitetea mapema: raha anayoisikia mtu huyo, anasema, haitokani na mateso ya wale, inatokana na kujua kwamba yeye hayupo. Nimemsoma mara kadhaa na kila mara namwona mkweli na mwerevu, na kila mara najiuliza kama alikuwa na ndugu ndani ya chombo kile. Swali lake linabadilika kabisa ukimjua mmoja tu kati ya wanaozama.

Wayahudi wana mfano ninaoupenda zaidi. Katika Mishna, sheria zao zilizokusanywa mwanzoni mwa karne ya tatu, anatajwa mtu anayerudi mjini na kusikia kilio, akaomba kilio kile kisiwe cha nyumbani kwake. Dua hiyo inahesabiwa kuwa ya bure. Kilio kimeshatoka kwenye nyumba fulani. Kuomba kisiwe changu ni kuomba yaliyokwisha kutokea yabadilike. Wafasiri wengine wanaona kuna kosa jingine ndani yake: kama si yangu ni ya jirani. Nilidhani nimepata jawabu, halafu nikaona halitoshi. Kimbunga hakijatua. Mstari bado unacheza. Hapo dua si ya bure kwa sababu ile ya kwanza, na ndiyo maana inatia kichefuchefu kwa sababu ya pili.

Kisha nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nacho tangu nikiwa na miaka saba. Madrasa tulifundishwa hadithi aliyoipokea Anas: watu wa Madina walipata mvua baada ya ukame, ikanyesha wiki nzima mpaka nyumba zikaanza kuanguka, wakamwendea Mtume wamwombe aombe isimame. Hakuomba iende kwa watu wengine. Aliomba izunguke pembeni, akataja mahali pa kwenda: vilimani, mabondeni, penye mashina ya miti. Nimeisoma dua ile nikiwa nimejifunika khanga mvua za Machi, mara nyingi mno, na sikuwahi kugundua kwamba ina anwani. Anayeomba hivyo amelazimika kufikiri kuna nini upande wa pili. Ametazama ramani yote.

Sidhani hilo linamaliza jambo. Vimbunga haviendi tu vilimani. Katikati ya Atlantiki nako kuna meli, na ndani ya meli wamo Wafilipino na Watanzania. Lakini kuna tofauti kati ya "isinifike" na "ifike mahali ambapo hakuna wa kuumia", hata kama upepo hausikii lolote kati ya hayo mawili.

Nilimwambia Mwalimu baadhi ya haya usiku uleule, kwa Kiingereza changu cha kuchanganya maji na mafuta. Nilidhani ataudhika. Alisikiliza huku akikaza skrubu ya taa.

"Ningelia kwa kila kimbunga kinachogeuka," alisema, "nisingebaki na siku ya kupaka rangi chombo."

Halafu akanisimulia mwaka 2003, Septemba, kimbunga Isabel kilipoingia kwa visiwa vya North Carolina na kusukuma maji mpaka huku juu. Maji yaliingia nyumbani kwake yakafika kiunoni. Mumewe alikuwa hai bado. Walikaa ghorofani na paka wawili. "Wiki ile," alisema, "kila mtu Florida alimshukuru Mungu. Niliwasikia redioni. Unajua sikuwachukia? Ningefanya vilevile. Niliowachukia ni waliokuja baada ya maji kupwa, wakapiga picha, wakaondoka. Na niliowapenda ni vijana watatu wa kanisa fulani la huko bara, walioleta misumeno na kukata mti uliolalia jiko langu. Sikuwauliza kama walikuwa wameomba dhoruba isiwapige wao."

Nikamuuliza kama basi kufurahi hakuna neno. Akasema hajui, yeye amefundisha hisabati. Aliipenda sana sentensi hiyo na aliitumia kila nilipombana.

Siku tatu baadaye, tarehe 28, Melissa ilitua kusini-magharibi mwa Jamaika karibu na New Hope, na upepo wa kilomita 295 kwa saa. Katika kumbukumbu zilizopo, hakuna kimbunga chenye nguvu kiasi hicho kilichowahi kutua nchi ile. Haiti hakikutua kabisa, lakini mvua yake ilifurisha mto huko Petit-Goâve na kuua watu, wakiwemo watoto. Hili ndilo jambo ambalo mchoro wa njia ya kimbunga haulisemi. Ule umbo la koni unaouona kwenye habari unaonyesha tu mahali ambapo kitovu kinaweza kupita, na umechorwa hivi kwamba mara mbili kati ya tatu kitovu kitakuwa ndani. Hauonyeshi mvua. Hauonyeshi nani anakaa kando ya mto. Kila toleo jipya linapotoka na koni kukonda, kuna walioachiliwa na kuna waliobakizwa ndani, na kuna wengine, kama wale wa Petit-Goâve, ambao walikuwa nje na bado wakafa.

Waliochora koni ile walikuwa watumishi wa Kituo cha Taifa cha Vimbunga kule Miami, na mwezi ule walikuwa kazini bila mshahara, kwa sababu serikali ya Marekani ilikuwa imefungwa tangu tarehe 1 Oktoba kwa ugomvi wa bajeti. Sisi tulikula biskuti kwa kazi yao. Na bahari ya Karibi iliyoilisha Melissa ilikuwa na joto kupita kawaida yake, joto ambalo sehemu yake inatokana na mafuta yaliyochomwa kwa miaka mingi na nchi zilizotajirika kwayo. Jamaika na Msumbiji mchango wao humo ni kiduchu. Hapa rafiki yangu wa falsafa ananyamaza. Dua haisukumi upepo, sawa. Lakini yapo mambo tunayoyafanya kila siku yanayousukuma, na dizeli iliyonuka kwenye nguo zangu ni mojawapo, na hayo hatuyaiti dua.

Tuliondoka Jumamosi, tarehe 1 Novemba, siku ileile ambayo bima iliruhusu. Chini ya Norfolk inaanza njia ya maji ya ndani, mifereji na mito na ghuba zilizounganishwa mpaka Miami, zaidi ya kilomita 1,700, ili vyombo vidogo visilazimike kuzunguka rasi ya Hatteras ambako bahari imemeza meli nyingi mno. Kwa mashua yetu ni mwendo wa kijana anayetembea haraka. Tulipita lango la maji la Great Bridge, ambapo chombo hufungiwa kama ndani ya sanduku mpaka maji yalingane. Tukapita vinamasi ambavyo miti yake imesimama majini kama mikoko iliyosahau kufika baharini. Jioni ya pili tulifunga Coinjock, kwenye gati refu ambalo mashua zote zinazoshuka kusini hujibanza kungoja utulivu wa kuvuka ghuba ya Albemarle.

Pale gatini kila mtu alizungumza habari za Melissa, na niliona kitu. Waliulizana kuhusu Bahamas: gati lipi limepona, mahali papi pa kutia nanga pameharibika, duka lipi litafunguliwa Krismasi. Jamaika ilitajwa na mtu mmoja, mzee aliyewahi kwenda kwa meli ya watalii. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja alinipa soksi za sufu alipoona nimevaa ndala. Walikuwa wanauliza kuhusu njia yao, basi. Nami niliyekuwa nawahukumu kimoyomoyo sikuwa nimempigia bibi tangu Septemba.

Albemarle ni pana lakini fupi ya kina, na maji ya namna hiyo upepo ukiyapiga yanasimama kama ukuta. Mkupuo ulitabiriwa usiku. Mimi nilikuwa na mhadhara wa kuwasilisha wiki iliyofuata, na nilimsihi Mwalimu tusipoteze siku. Alisema kalenda imeua mabaharia wengi kuliko miamba, lakini akakubali, kwa sharti kwamba tuondoke gizani. Tulivuka kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne asubuhi, bahari shwari kama sinia. Tulipita daraja la kuzunguka la Mto Alligator, ambalo upepo ukizidi halifunguliwi, na saa sita mchana tulikuwa tumetia nanga nyuma ya ncha ya msitu. Saa nane wingu jeusi likatokea. Mkupuo uliwahi.

Nilikuwa nimejifunika blanketi, nikimshukuru Mungu kwa sauti, upepo ulipokuwa ukilia kwenye mlingoti. Ndipo redio ikasema. Ilikuwa chaneli ya 16, ya dharura, sauti ya mwanamume aliyejitahidi kutulia. Injini yake imezima katikati ya Albemarle. Mawimbi yamekoroga uchafu wa tangi na kuziba chujio la dizeli. Wako wawili. Mkewe ameumia mkono. Nilimjua kwa sauti. Ni yule wa soksi. Walikuwa wameondoka Coinjock saa nne baada yetu.

Walinzi wa Pwani waliitika, wakamuuliza mahali alipo. Sauti yake ilikuwa inakatika na wao hawakupata tarakimu za mwisho. Mwalimu alizipata. Alichukua kipaza sauti, akazirudia polepole, latitudo na longitudo, mara mbili, mpaka wakasema wamezipokea. Tulikuwa mbali na upande mbaya wa daraja, hatungeweza kwenda. Boti ya uokoaji ilikuwa njiani, imebaki saa mbili au zaidi. Kazi yetu ilikuwa imekwisha. Nilinyoosha mkono kupunguza sauti ya redio, kwa maana ile sauti ya mtu yule ilikuwa inanitesa.

Mwalimu alinishika kifundo cha mkono. Akaiongeza sauti. Akatandika ramani mezani, akaweka nukta ya penseli mahali walipokuwa, na kila walipotaja tarakimu mpya akaweka nukta nyingine. Walikuwa wanasukumwa kusini-mashariki. Chai ilipoa. Nilimuuliza kwa nini anafanya vile, wakati Walinzi wa Pwani wana mitambo.

"Ili kuna mtu ajue wako wapi," alisema, na akaniomba nimchongee penseli.

Saa moja na dakika arobaini usiku boti iliwafikia na kuwafunga kamba. Tulisikia mwanamke akicheka, au analia, redio haikutofautisha. Mwalimu aliweka nukta ya mwisho, akaandika saa pembeni yake, akazima taa ya ramani na kwenda kulala bila kusema chochote.

Mimi nilitoka nje. Upepo ulikuwa umeshaanza kushuka na nyota zimejaa. Nilihesabu masaa: kwetu ilikuwa inakaribia saa kumi alfajiri, saa anayoamka bibi. Nilisogea mpaka omo, ambako mtandao ulishika kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kuna nini usiku huu?"

"Hakuna neno. Bibi, yule babu wa Quissanga, yuko wapi sasa?"

Alinyamaza kidogo. Nikasikia jogoo wa jirani, yule mbaya. Kisha akaanza: kwamba paa aliliezeka upya, akakaa mwaka mmoja, kwamba mwaka 2020 wenye silaha walipoingia Quissanga walikimbia na mashua ya mtu, usiku, wakateremka Pemba, kwamba hapo hawakupata pa kukaa, wakapelekwa Metuge, kwenye mahema, kwamba mkewe alifia huko, kwamba sasa ana kibanda na anasuka nyavu za watu wengine. Miaka sita yote alikuwa akimpigia kila Ijumaa. Mimi sikuwahi kuuliza.

"Metuge inaandikwaje?" nikamuuliza, nikirudi ndani kutafuta penseli.

"Mimi sijui kuandika," alisema. "Nakutajia, wewe andika unavyosikia."